Pesa ya Ufundi

Bolti iligoma tangu jana jioni, na asubuhi hii ilikuwa bado imegoma. Fundi Bisibisi alilala chali chini ya kibasi cha shule, miguu tu ndiyo iliyoonekana, na kila alipovuta spana kibasi kizima kilitikisika juu ya mawe na kulia bati. Baba Pacha, dereva wa kibasi hicho, alichutama pembeni akimmulikia kwa simu.

"Sogeza mwanga kushoto. Kushoto kwangu, siyo kwako."

"Hapo?"

"Hapo hapo. Sasa tulia, mbona unatetemeka kama bwana harusi?"

Baba Pacha alikuwa na sababu ya kutetemeka. Juzi mchana, akishuka ule mteremko mrefu unaotoka shuleni kwenda mtaani kwao, pedeli ya breki ilizama mpaka chini bila kushika kitu. Alikanyaga tena, ikazama tena. Alikanyaga mfululizo kama mtu anayepiga pampu ya baiskeli, na breki zikaja kushika mwishoni kabisa, pua ya kibasi ikiwa imeshaingia kwenye njia panda ambako malori ya saruji hupita bila kupunguza mwendo. Lori moja lilipita mbele ya kioo chake karibu sana hata akasoma maandishi ya vumbi ubavuni mwake. Watoto nyuma walidhani ni mchezo. Walipiga makofi. "Anko, rudia!" wakapiga kelele. "Anko, rudia!"

Hakurudia. Alilala usiku ule akiisikia pedeli ikizama chini ya mguu wake, na asubuhi akakileta kibasi kwa Bisibisi. Mkurugenzi wa shule, ambaye ndiye mwenye gari, alitoa pesa ya vipuri bila maneno mengi. Vipuri vina risiti. Pesa ya ufundi, alisema, wataizungumza kazi ikiisha.

Sasa Bisibisi alijiburuta akatoka chini ya gari, uso mwekundu wa vumbi la kutu, akataja bei yake. Baba Pacha alidhani hakusikia vizuri.

"Hiyo ni ya ufundi, au ya kununua kibasi kingine?"

"Ya ufundi."

"Bisibisi, hiyo ni karibu nusu ya mshahara wangu. Wewe kwa siku mbili, na moja umeinywea chai."

Alisema kwa utani, lakini moyoni hakutania. Jana alimwona fundi huyu amekaa juu ya tairi zaidi ya saa nzima, glasi mkononi, anaangalia tu gurudumu la nyuma kama anayesubiri liseme. Kama kuangalia nako kunalipwa, alijiambia, basi hata mimi nimekosea kazi.

Bisibisi hakucheka. Alimnyooshea spana. "Haya, ingia wewe. Ukiitoa hiyo moja, ufundi wote bure."

"Mimi si fundi."

"Hakuna ufundi hapo. Ni kuvuta tu. Ingia."

Baba Pacha akavua shati, akaingia. Huko chini kulinuka mafuta ya breki na matope ya zamani, na chuma kilikuwa karibu na uso kiasi kwamba hakuweza kugeuza kichwa bila kugonga pua. Aliishika bolti, akavuta. Hakikusogea kitu. Alijizungusha, akaegemeza mguu kwenye rimu, akavuta kwa uzito wake wote. Spana ikachoropoka, na ngumi yake ikaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa chuma. Aliisikia ngozi ya vidole ikibaki kule. Alijaribu tena kwa mkono wa pili. Kutu ilimwingia jichoni na jasho likaifuata. Alipotoka, mgongo ulikuwa umekauka kama ubao na mkono unachuruzika damu.

"Nyingine kama hizi zipo?" aliuliza.

"Za nyuma zote. Hii itatoka kwa moto, na moto wenyewe ni mtungi wa gesi niliokodi, mwenye nao anausubiri. Halafu njoo uone." Bisibisi alimwonyesha bomba jembamba lililopita chini ya sakafu kuelekea magurudumu ya nyuma. Aliligusa kwa kucha, likamomonyoka kama biskuti. "Hili ndilo lililovuja juzi. Lazima nikunje jipya kwa mkono, kipande kwa kipande, lipite mahali pale pale. Nikikosea kunjo moja, linavuja tena. Jana ulidhani nakunywa chai, nilikuwa natafuta pa kulipitisha."

Baba Pacha alijifunga kitambaa mkononi. Alitafuta tena ile hasira ya mwanzo, hakuipata.

"Basi ni haki yako," alisema. "Nakwenda kumwambia bosi."

"Mwambie kazi kwanza. Bei mwambie mwisho."

*

Shuleni, mhasibu alimpokea mlangoni kwa "Shikamoo, baba," macho yakienda moja kwa moja kwenye kile kitambaa. Alikuwa binti wa umri wa mdogo wake wa mwisho, mpole, aliyezoea kusimama kati ya mlango wa bosi na watu wenye shida. Akamfungulia.

Mkurugenzi alikuwa mdogo kwa Baba Pacha kwa miaka mingi, na hakuacha kamwe kumheshimu kwa maneno. "Karibu, mzee wangu. Kaa. Pole na jua. Kibasi kimepona?"

Baba Pacha akaanza na kazi kama alivyoagizwa. Alieleza bolti, kutu, bomba linalomomonyoka. Mkurugenzi alisikiliza akitikisa kichwa, kwa masikitiko ya mtu anayesikia habari za mgonjwa asiyemjua. Bei ilipotajwa, akachukua simu, akaweka sauti ya nje, akapiga.

"Fundi, habari za kazi? Nisaidie. Breki za nyuma za kibasi, ufundi tu, vipuri ninavyo. Unachukua ngapi?"

"Kazi ndogo sana hiyo, bosi," sauti ilijibu kutoka mahali penye redio. Ikataja bei ndogo, ndogo mno.

Mkurugenzi akapiga gereji nyingine, na nyingine tena. Zote zilikuwa chini, na mmoja alisema akiletewa gari leo atapunguza zaidi. Alipomaliza aliilaza simu mezani taratibu. "Umesikia kwa masikio yako, mzee wangu. Sikuongeza neno."

"Hao hawajaliona gari, bosi."

"Breki ni breki."

"Kwa simu zinakuwa breki. Kule chini ni kutu tupu."

Mkurugenzi akainama mbele. Hakuwa amekasirika. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi, na pembeni yake kulikuwa na rundo la karatasi za benki ambazo alikuwa amezigeuza kifudifudi. "Sikiliza. Wazazi zaidi ya nusu hawajalipa ada. Walimu nawalipa kwa maneno matamu. Mafuta yamepanda, umeme umepanda. Mimi nikimlipa kila fundi anachotamani, mwezi ujao hapa panakuwa ghala la mbao. Kwa hiyo nakuuliza wewe, ulikuwepo. Hiyo bei ni ya haki?"

Baba Pacha aliliona lile swali jinsi lilivyokaa, kama shimo lililofunikwa majani. Dereva aliyemtangulia alifukuzwa kwa sababu ya cha juu: fundi anapandisha bei, dereva anasifu, kisha wanagawana nyuma ya duka. Akisema ni ya haki, atakuwa wa pili. Akisema si ya haki, mambo yataisha vizuri na atatoka humu ndani na heshima yake.

"Ni ya haki," alisema.

"Na chako humo ni ngapi?"

Aliuliza kwa upole, karibu kwa huruma. Baba Pacha akakifungua kile kitambaa, akaweka mkono mezani juu ya kioo. Vidole vilikuwa vimevimba.

"Nimeijaribu mwenyewe bolti moja, bosi. Moja tu."

"Pole sana." Mkurugenzi aliutazama mkono, kisha akaondoa macho. "Lakini hiyo si risiti. Na gari lina stika ya ukaguzi. Serikali imesema ni zima. Wewe na Bisibisi ndio mnasema ni bovu."

Baba Pacha aliikumbuka siku ya ile stika. Mkaguzi alikuja ofisini, akanywa soda akiwa amesimama, akaondoka. Kibasi wakati huo kilikuwa barabarani kimejaa watoto. Lakini hilo si jambo la kumwambia mtu aliyeinunua soda.

"Mpe theluthi," Mkurugenzi alisema akichukua kalamu. "Akitaka amalizie, asipotaka alete gari. Watoto wakitoka nalitaka getini. Siwezi kuwaambia wazazi tena kwamba leo hakuna usafiri."

Nje, mhasibu alimhesabia ile theluthi akiwa ameinamisha kichwa. "Baba, ungesema tu ni ghali kidogo," alinong'ona. "Angekuamini, pengine angeongeza."

"Kwani ni ghali?"

Alifikiri. "Sijui," alisema. "Mimi huwa naletewa namba tu."

*

Bisibisi alipokea pesa, akaziangalia, akakaa juu ya tairi lake. Bolti ilikuwa imetoka. Ilikuwa imelala chini, nyeusi kwa moto, imekatika shingo.

"Kwa theluthi nafanya theluthi," alisema.

"Nimalizie. Nitakulipa mimi, kidogo kidogo."

"Kwa mshahara gani, Baba Pacha? Huo ulioniambia asubuhi nimeufikia nusu?" Hakusema kwa ubaya. "Mwenye mtungi amekuja, ameuchukua. Mwenye kiwanja anataka kodi yake leo, la sivyo kesho nafungua magari ya watu chini ya mti barabarani. Ningeweza nisingekwambia hivi."

"Sasa inakuwaje?"

"Za mbele ziko safi, nimeziweka mpya. Za nyuma nitaliziba bomba, ili mafuta yasivuje yaende yote mbele."

"Kwa hiyo nyuma hakuna breki."

"Hakuna." Alisimama, akachukua koleo. "Tambarare hutaona tofauti. Ukiwa mwenyewe ndani, hutaona tofauti. Mteremkoni, na limejaa..." Akapangusa koleo. "Shuka na gia ndogo. Usije ukasema sikukwambia."

Akaingia chini. Baba Pacha alimwona akilikunja bomba mara mbili, kisha akaligonga kwa nyundo, taratibu, mpaka likalala bapa, kama anayemfumba marehemu mdomo. Haikuchukua muda wowote. Alipotoka hakumtazama Baba Pacha usoni, na hakufanya utani tena.

Njia ya kurudi shuleni ilikuwa tambarare na kibasi kilikwenda kama maji. Alikanyaga breki mara nyingi bila sababu, na kila mara kilisimama. Hilo ndilo lililomtisha. Mtu yeyote ambaye angekijaribu pale getini angesema ni kizima.

Watoto waliingia wakisukumana, wakapakatana, wawili wakasimama mlangoni kwa sababu viti vilikwisha. Binti zake pacha walikaa nyuma ya kiti chake kama kawaida. Walikuwa wakisoma pale kwa nusu ada, hiyo ikihesabiwa kuwa sehemu ya mshahara wake. Mkurugenzi alisimama barazani, akampungia mkono.

Pale ambapo barabara huanza kuinama kuna duka la milango ya chuma. Alipofika hapo alikuwa tayari kwenye gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea. Akakanyaga. Mbele zikashika. Nyuma, uzito wote wa watoto na mabegi ukaendelea kusukuma, na kibasi kikateleza mkia upande, taratibu, kwa mlio mrefu wa mpira juu ya mchanga. Kikasimama kimekaa kombo, kikiielekea milango ya chuma iliyopangwa nje ya duka. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Kule chini, lori la saruji lilipita njia panda. Nyuma yake jingine.

"Baba," mmoja wa pacha alisema, "umegonga?"

"Sijagonga." Alivuta breki ya mkono, akaweka gia, akashuka akatia jiwe chini ya gurudumu. Akafungua mlango. "Haya, wote chini. Leo tunashuka kwa miguu. Wakubwa wawashike wadogo. Anayekimbia namrudisha shule."

Walishuka ule mteremko kwa mstari uliopinda pinda, ukingoni mwa mtaro, yeye akiwa upande wa barabara. Jua lilikuwa kali. Mtoto mmoja alilia begi ni zito, Baba Pacha akalibeba. Mwingine alivua viatu. Watu waliwatazama kutoka vibarazani, na kijana mmoja akauliza kama ni maandamano.

Mtaani, wa kwanza kuwapokea alikuwa mshonaji, jirani yake, mama wa mtoto mmoja tu wa kiume. Alipiga magoti akaangalia visigino vya mwanawe.

"Jirani, mtoto amechubuka. Mimi nalipia gari au nalipia matembezi?"

"Gari ni bovu, jirani."

"Si lilikuwa gereji siku mbili?"

"Lilikuwa."

"Sasa?"

Baba Pacha alifungua mdomo. Kulikuwa na bolti, na gesi, na simu tatu za sauti ya nje, na theluthi. Hakujua aanzie wapi. Mshonaji alimsubiri kidogo, kisha akamchukua mwanawe akaingia ndani.

Simu ya Mkurugenzi ilikuja kabla jua halijazama. Wazazi walikuwa wamempigia, alisema, mmoja baada ya mwingine. Watoto wameswagwa barabarani kama mbuzi. Gari limetelekezwa mbele ya duka la mtu. "Umeniaibisha, mzee wangu. Nilikupa pesa, ukanipa uhakika kwa mdomo wako kwamba fundi ni wa haki, halafu gari linatoka gereji bovu? Mmoja wenu ameniibia, sijui ni nani. Mwachie mhasibu funguo. Na habari ya ada ya mapacha, atakueleza yeye."

Mama Pacha alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Alisikia yote, hakuuliza mengi.

"Una hakika lisingesimama?"

Angeweza kusema ndiyo. "Hapana," alisema. "Pengine lingesimama."

"Pengine?"

"Pengine. Hata mara nyingi."

Aliendelea kupepeta. Baadaye alisema, bila kuinua kichwa, "Basi sawa," na hakueleza alikuwa na maana gani.

*

Asubuhi kibasi kilikuja kituoni kwa wakati. Dereva mpya alikuwa mtu mzima pia, shati limepigwa pasi, na alishuka kuwafungulia watoto mlango kwa adabu. Baba Pacha, aliyewaacha mapacha nyumbani, alimfuata pembeni.

"Ndugu yangu, habari za asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha hili gari. Za nyuma zimezibwa. Hazifanyi kazi."

Yule dereva hakushtuka. "Nimeambiwa utasema hivyo."

"Ingia chini utazame bomba. Limegongwa bapa."

"Nimelijaribu getini. Linasimama." Alitazama huku na huku, kisha akashusha sauti. "Kaka, nimekaa nyumbani tangu mwaka jana. Mke wangu alikuwa ameshaanza kunificha chakula cha watoto. Hata likiwa kama unavyosema, unataka nifanye nini?"

"Shuka na gia ndogo," Baba Pacha alisema. Sauti ilimtoka kama ya Bisibisi. Hakuwa na jingine la kumpa.

"Ahsante. Nitashuka na gia ndogo."

Mshonaji alifika akikimbia, mkono mmoja na mwanawe, mwingine umebeba nguo iliyochomwa pini kila mahali. Baba Pacha akamzuia, na safari hii maneno yalikuja. Alimweleza yote kwa ufupi, bomba na theluthi na lile duka la milango. Akamwonyesha mkono. Mshonaji alisikiliza mpaka mwisho. Alikitazama kibasi, akautazama mkono, na Baba Pacha akaona kwamba ameamini. Ameamini kila neno.

"Sasa nimpeleke na nini?" aliuliza. "Niambie. Nikimpeleka kwa miguu na kurudi, hii nguo inatakiwa saa nne, mwenye nayo amesimama mlangoni kwangu. Nisipomaliza silipwi. Nisipolipwa, hiyo ada yenyewe naitoa wapi? Au akae nyumbani? Mpaka lini?"

"Leo tu. Tuwaambie na wengine, twende kwa bosi pamoja..."

"Wengine hao hapo, jirani. Waambie."

Wengine walikuwa wakiwapandisha watoto wao. Baadhi walikuwa wamesikia. Hawakumtazama. Mmoja alimfunga mwanawe kamba za viatu kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Mshonaji alimwinua mwanawe akamweka ndani. Akamkalisha dirishani, akabadili mawazo, akaingiza nusu ya mwili wake mle ndani akamsogeza katikati, kati ya watoto wawili wanene. "Shika hicho chuma cha mbele," alisema. "Kwa mikono miwili. Usikiachie mpaka mwalimu akufungulie mlango. Umenisikia? Na mkirudi hivyo hivyo."

"Kwa nini, mama?"

"Shika tu."

Mlango ukafungwa. Kwenda shuleni ni kupanda, na kibasi kiliukabili mlima kikiunguruma, moshi ukibaki nyuma yake. Kurudi ndiyo kushuka, mchana, kikiwa kimejaa. Mshonaji, ambaye mteja wake alikuwa amesimama mlangoni, hakuondoka. Alisimama na ile nguo ya pini mikononi karibu na Baba Pacha mpaka kibasi kilipopotea juu, na bado alikuwa hajaondoka alipouliza, "Huwa wanatoka saa ngapi?" ingawa aliijua saa hiyo kama anavyojua jina la mwanawe.